Mwanangu kaandika "kipupwe ni baridi na upepo wa kusi" akakoseshwa. Watu wa Tanga na Bagamoyo, kipupwe ni nini hasa?

#1 Bint Makorora

Habari za jioni wana jukwaa.

Shule zimefungwa, na mwanangu wa darasa la tatu karudi na madaftari yake. Jana usiku nikakaa kuyapitia moja moja, nikafika kwenye zoezi la majira. Swali: "Taja majira manne ya mwaka na ueleze hali ya hewa ya kila moja." Mtoto kajibu hivi, nanakili kama alivyoandika: "Kiangazi jua kali. Masika mvua nyingi barabara inajaa maji. Vuli mvua kidogo. Kipupwe baridi na upepo wa kusi na bibi anavaa sweta."

Tatu za mwanzo kapata. Ya nne kakoseshwa kwa wino mwekundu, na pembeni pamesahihishwa: "Kipupwe ni majira ya theluji."

Mimi nimezaliwa Makorora, hapa Tanga mjini, mama yangu kazaliwa Makorora. Asubuhi mtoto kaniuliza, "Mama, theluji ilianguka nikiwa nimelala?" Nikakosa jibu. Shule siitaji wala mwalimu simtaji, simtafutii mtu ubaya. Nataka kujua tu: wenye watoto wa umri huu, wa kwenu wanafundishwa nini kuhusu kipupwe? Na kipupwe chenyewe ni nini?

#2 Msambaa wa Juu

Dada, kwanza huyo bibi mwambie asalimiwe sana. Lakini Tanga mjini alfajiri ya Juni ni nyuzi 20 au 21, sweta la nini? Njooni Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari, muone watoto wanavyokwenda shule huku moshi unawatoka mdomoni. Kipupwe kinakaa kwetu, nyie mnakisikia kwa jirani.

#3 Mwalimu wa Pongwe

Nafundisha shule ya msingi, kwa hiyo naomba niseme kidogo.

Mada ya majira ipo. Zamani ilikuwa kwenye Maarifa ya Jamii, sasa kwa mtaala ulioanza 2024 iko upande wa Jiografia na Mazingira. Tatizo liko kwenye maneno. Ulaya na Marekani ya kaskazini wana majira manne yanayofuata jua: majani yanachipua, joto linakuja, majani yanapukutika, baridi inaingia na theluji yake. Waliotafsiri walitafuta maneno manne ya Kiswahili, wakakuta kiangazi, masika, vuli na kipupwe yamekaa tayari, wakayabandika juu. Kipupwe kikaangukia kwenye majira ya theluji.

Kwa hiyo mwalimu mwenzangu hakutunga uongo. Kafundisha majira ya nchi nyingine kwa jina la majira yetu. Hata hivyo jibu la mtoto ni sahihi, mimi ningempa alama zote na ile ya sweta ningeiwekea vema mbili.

#4 Nahodha wa Sahare

Mwalimu, ahsante. Ila mimi nina neno.

Sisi wa baharini mwaka hatuukati vipande vinne kama mkate. Kuna kaskazi na kuna kusi. Kaskazi inaingia Desemba, inavuma na joto lake mpaka Machi. Pepo zinageuka, masika inanyesha, halafu kusi inaanza, na Juni na Julai ndiyo inashika nguvu. Kipupwe ni kusi ikiwa kwenye ubaridi wake. Bahari inachafuka, wenye ngalawa wanashinda ufukweni wanashona nyavu. Ikifika Septemba kusi inalegea, tunaita demani, bahari inalala.

Majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja na kaskazi yakarudi na kusi, ndivyo biashara ya pwani hii ilivyosimama. Hilo neno "msimu" ni la Kiarabu, mausim, na Wareno na Waingereza walilichukua hilohilo kuziitia pepo hizi.

Jambo moja linaniuma. Mtoto anafundishwa kaskazini na kusini kwenye ramani, anakariri, na hakuna anayemwambia kwamba kaskazini ni kule inakotoka kaskazi na kusini ni kule inakotoka kusi. Dira yake yote ni pepo. Akishajua hilo, kipupwe hakihitaji kukariri.

#5 Mchungwa Muheza

Mzee Nahodha umesema ya bahari, na shamba nalo lina yake. Sisi tunahesabu mvua. Masika Machi mpaka Mei, vuli Oktoba mpaka Desemba. Katikati ya kipupwe kuna vimvua vya kuja na kuondoka, asubuhi manyunyu, saa nne jua: hiyo ni mchoo. Mtoto angeandika mchoo angekoseshwa pia, maana madarasani neno hilo silisikii tena. Mvua hiyo ndiyo inashikilia mihogo na kunde zisife, halafu haina jina shuleni!

#6 kijana_chumbageni

Mbona jambo jepesi. Kipupwe ni baridi kwa sababu mwezi wa sita na wa saba dunia iko mbali na jua. Nilisoma hivyo.

#7 Fundi Mabawa

#6 nusu umepata, nusu umekosa. Ni kweli mwanzoni mwa Julai dunia inakuwa mbali kuliko siku zote, kama kilomita milioni 152, na mwanzoni mwa Januari iko karibu, kama milioni 147. Lakini Julai hiyohiyo London wanaota jua bustanini. Umbali ungekuwa ndiyo sababu, wote tungetetemeka pamoja.

Sababu ni mlalo. Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu. Juni upande wa kaskazini umelielekea jua, sisi wa kusini ya ikweta tumelipa kisogo. Desemba inageuka.

#8 Kaole Kwetu

Salamu kutoka Bagamoyo.

Fundi, hapo sikubali moja kwa moja. Tanga iko nyuzi 5 tu kusini ya ikweta, Bagamoyo 6 na nusu. Hata Juni jua letu la mchana liko juu sana, na siku yetu fupi kuliko zote ni pungufu ya saa 12 kwa dakika kama 10 hadi 15 tu. Mlalo kwetu unagusa kidogo. Baridi yetu tunaletewa. Kusi inatoka bahari ya kusini ambako wako kwenye baridi kweli, inapita juu ya maji yaliyopoa, inatufikia sisi. Ndiyo maana siku upepo ukikatika, hata Julai unatoka jasho.

Na jina lenyewe nadhani linatokana na kupwa. Babu yangu alikuwa akisema maji ya kipupwe yanapwa mbali.

#9 Nahodha wa Sahare

Mjukuu wangu wa Kaole, upepo nakubaliana nawe. Jina, hapana. Bahari inajaa na kupwa mara mbili kila siku, mwaka mzima, na bamvua (maji makubwa) inafuata mwezi wa angani wala haifuati baridi. Maji kupwa mbali utayaona Machi utayaona Septemba. Kipupwe kisingepewa jina kwa jambo la kila siku.

#10 Kaole Kwetu

Shikamoo mzee. Basi jina linatoka wapi?

#11 Nahodha wa Sahare

Marahaba. Mimi nimelikuta. Mama yangu akituambia "kipupwe kimepupa" maana yake baridi imepita mwilini. Hayo ni maneno ya nyumbani, kamusi siwezi kuapia.

#12 Mama Wawili, Toronto

Naomba niingie, nimesoma uzi wote nikiwa kwenye basi. Mimi mtoto wa Chumbageni, niko Kanada mwaka wa tisa, mwanangu mdogo yuko darasa la kwanza huku.

Huku Ontario darasa la kwanza kwenye sayansi wana mada nzima ya mabadiliko ya siku na ya majira. Novemba na Desemba, baridi ikianza kuingia, hawakai kukariri majina. Kila asubuhi mtoto mmoja anasoma kipimajoto cha dirishani na kuandika ubaoni. Wanaweka maji kwenye kikopo nje ya mlango, kesho yake wanakuta yameganda. Wanajifunza kwamba dubu anaingia pangoni, bata bukini wanaruka kwenda kusini, vipepeo wale wa rangi ya chungwa wanafika mpaka Meksiko. Wanapanga nguo kwa mpangilio wa kuvaa: suruali ya theluji kwanza, buti, koti, kofia, glavu mwisho, maana ukianza na glavu hutaweza kufunga zipu. Mwanangu alirudi nalo hilo kama jambo kubwa la maisha! Na wanachora siku inavyofupika. Desemba 21 mchana wa hapa una urefu wa saa 9 hivi tu. Anatoka shule, muda si muda giza.

Hizo theluji za kwenye daftari la mtoto wa dada ni za hawa watoto wa huku, na kwao zina maana kwa sababu wanazikanyaga. Mwaka juzi Julai mwanangu alikuwa anaongea na bibi yake kwa simu, huku tumefungua madirisha yote kwa joto, bibi kajifunga kanga mbili na sweta. Akaniuliza, "Mbona bibi amevaa Desemba?" Nikaona hapo ndipo somo lilipo.

#13 Bint Makorora

Mama Wawili umenigusa. Hiyo ya kikopo cha maji sisi hatuwezi, lakini lazima kuna kitu cha kwetu ambacho mtoto anaweza kukishika kwa mkono.

#14 Mtoto wa Makete

Jamani msiseme Tanzania haina maji ya kuganda. Kwetu Makete, na kule Kitulo, Juni na Julai asubuhi unakuta majani meupe, umande umeganda. Tunaita sakitu. Inaunguza viazi shambani kama vimepitiwa na moto. Theluji yenyewe ya kuanguka iko Kilimanjaro, mita 5,895. Sakitu na theluji ni vitu viwili, watoto waambiwe wasichanganye.

#15 Mgogo wa Mjini

Na msifikiri Tanzania yote ni pwani. Dodoma mvua ni moja tu, inaanza Desemba inaisha Aprili. Mtoto wa huku akiandika "vuli" anaandika kitu asichokijua, kama huyo wa Tanga na theluji. Kitabu ni kimoja, nchi ni kubwa.

#16 Msambaa wa Juu

#14 karibu Lushoto, tutakupa sweta la akiba.

#17 Ustadh wa Ngamiani

Nimechelewa kuuona uzi huu. Dada Bint Makorora, kitu cha kushika kwa mkono kipo, na mwanao kama anakwenda chuoni (madrasa) anakijua tayari.

Mwulize kibla kiko wapi. Makka iko karibu sawasawa kaskazini ya Tanga, mstari mmoja unapanda. Sasa mwambie asimame wakati wa adhuhuri mwezi huu wa Juni, aelekee kibla. Jua litakuwa mbele yake, kivuli chake nyuma. Arudie Desemba: jua litakuwa mgongoni, kivuli kimetangulia. Hiyo ndiyo habari ya mlalo aliyoisema Fundi, mtoto kaiona bila kitabu.

Na kuna siku mbili katika mwaka jua linasimama juu ya Al-Kaaba yenyewe, Mei 28 saa sita na dakika 18 mchana, na Julai 16 saa sita na dakika 27, kwa saa zetu (mwaka mrefu inatangulia siku moja). Wazee walisahihishia misikiti kwa kivuli cha siku hizo. Ya Julai bado iko mbele yetu.

#18 Mwalimu wa Pongwe

Ustadh, hii naiandika kwenye andalio la somo leo leo.

Niongezee. Chukueni fimbo ya mita moja, isimamisheni wima mahali tambarare, mpime kivuli wakati ni kifupi kuliko vyote. Kwa Tanga si saa sita kamili, ni kama saa sita na dakika 25, maana saa tunazotumia zimepimwa kwa mstari wa longitudo ulio mashariki yetu, baharini huko. Mwezi huu kivuli kielekee Pangani, yaani kusini. Kwa hesabu yangu kiwe sentimita 54. Desemba kielekee Horohoro, yaani kaskazini, sentimita 33. Watoto wa likizo wafanye, walete majibu hapa. Bagamoyo nanyi mpime, tuone.

#19 Mchungwa Muheza

Mwalimu, darasa lenye watoto themanini fimbo moja inatosha?

#20 Mwalimu wa Pongwe

Fimbo moja, rula moja, kamba ya mkonge. Watoto wanazunguka kwa zamu. Ninachokosa ni dakika: adhuhuri ndiyo wanapanga foleni ya uji. Lakini nitakata kwenye kipindi kinachofuata.

#21 Bint Makorora

Leo tumepima uani. Yeye kashika rula, mdogo wake kashika fimbo. Tumepata 61! Mwalimu umekosea au sisi?

#22 Fundi Mabawa

Dada, fimbo ikishikwa na mtoto inainama. Chomeka ardhini, halafu funga uzi na jiwe kwa pembeni, hiyo ndiyo timazi. Fimbo ifuate uzi pande zote mbili. Na chini pawe pamesawazishwa, ua wa Makorora una mteremko wa maji. Sisi tukijenga ukuta bila timazi unaona matokeo yake.

#23 kijana_chumbageni

Naomba niulize kwa nia njema. Kama ni mlalo, na kama ni upepo, na mawingu je? Juni hii siku nyingi asubuhi mbingu imefunga. Mimi naona baridi ni mawingu.

#24 Kaole Kwetu

Mawingu yanaletwa na hiyohiyo kusi. Narudi palepale.

#25 Fundi Mabawa

Na kusi inaletwa na nini? Na kule kusini kulikopoa, na kumepoa kwa sababu ya mlalo. Narudi palepale na mimi.

#26 Mama Wawili, Toronto

Wanangu wamecheka kusikia watu wazima wanabishana baridi ya nyuzi 21. Lakini nimewaambia: mbayuwayu wale wanaokimbia baridi ya Ulaya mwezi wa kumi wanakwenda kwa bibi. Nikiwa mdogo nilikuwa nawaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme, na hakuna aliyewahi kuniambia wametoka wapi.

#27 Nahodha wa Sahare

Na kipupwe kina wageni wake, binti yangu. Kuanzia Julai nyangumi wanapanda kutoka bahari ya barafu ya kusini kuja kuzalia kwenye maji yetu ya vuguvugu, mpaka Oktoba wapo. Nimewaona nje ya Pangani mara nyingi, anapumua utadhani mtu kamwaga pipa la maji juu. Wao wanakimbia baridi, kwa hiyo hapa kwetu wanapaona joto. Mtoto aandike na hilo kwenye daftari.

#28 Kaole Kwetu

Majibu ya Bagamoyo: watoto wanne, fimbo mbili, timazi ya uzi na nati. Kivuli kimeelekea Kaole, kusini, sentimita 57 na nusu. Mnasemaje Tanga?

#29 Mwalimu wa Pongwe

Sawasawa kabisa! Nyinyi mko kusini yetu kwa kama kilomita 150, kwa hiyo Juni jua linawaacha kidogo zaidi na kivuli kinarefuka. Desemba mtatushinda kwa ufupi. Naomba hao watoto wanne waandike tarehe na saa, tutahitaji.

#30 Bint Makorora

Tumerudia kwa timazi. 54! Nimeruka mimi kuliko mtoto. Kachora kwenye ukurasa uleule wenye wino mwekundu: fimbo, jua upande wa kibla, kivuli upande wa Pangani, na pembeni bibi na sweta lake. Shule zikifunguliwa nitakwenda na daftari kwa mwalimu wake, kwa adabu, tuzungumze.

Ila kaniuliza swali tena na nimeshindwa. Anataka kujua ni lini kivuli kitakuwa hakuna kabisa.

#31 Mwalimu wa Pongwe

Tanga ni mara mbili kwa mwaka, karibu na Oktoba 6 na karibu na Machi 7 au 8. Jua linakuwa utosini, fimbo inasimama bila kivuli. Bagamoyo Oktoba inachelewa siku tatu nne, Machi inawahi.

#32 kijana_chumbageni

Sasa hapo mmenichanganya wote. Kama jua linakuwa utosini Machi na Oktoba sawasawa, mbona Machi tunalala nje kwa joto na Oktoba usiku unajifunika shuka?

#33 Fundi Mabawa

Hapo nisubiri.

#34 Nahodha wa Sahare

Kwa sababu Oktoba upepo wa kusi haujamaliza safari yake, na maji bado yana ubaridi wa kipupwe. Tia mkono baharini Oktoba, halafu tia Machi.

#35 Kaole Kwetu

Ndiyo niliyoyasema tangu #8.

#36 Fundi Mabawa

Mzee, na mvua je? Machi jua limewaka miezi miwili kabla, ardhi imekauka na kushika moto. Oktoba ardhi imetoka kwenye mchoo. Mimi naona ni ardhi, si maji.

#37 Bint Makorora

Mtoto kasema atapima vyote viwili. Ndoo ya maji ya bahari na mchanga wa uani, Oktoba na Machi. Nani ana kipimajoto cha kuazima hapa Makorora?